Eda Chumba Namba Nne

Swaumu binti Nassibu alikuwa na ulimi mkali, na hakuwahi kulikana hilo. Ukimwambia, alikujibu, "Ndiyo, na wewe ulitaka mtamu wa kazi gani?" Miaka sita alitoka Kwihara kila asubuhi kwa baiskeli aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaingia mjini, mpaka Gongoni kwenye apatimenti za Adinani: vyumba sita, mstari mmoja, nyuma ya geti jekundu.

Ole wako uziite gesti mbele ya Adinani. "Gesti unalipa kwa siku," angekusahihisha. "Hapa ni kwa mwezi, na kila kitu kimo." Na kweli kilikuwemo. Mtu amehamishiwa Tabora kikazi, hajui mtaa wala dalali, hana hata sufuria; anafika na begi lake anakuta kitanda kimetandikwa, jiko la gesi, friji, televisheni, pasi, vikombe sita na visahani vyake. Na Swaumu. Lile neno "huduma" kwenye bango la getini lilikuwa ni yeye: kufagia, kudeki, kubadili mashuka Jumatatu na Alhamisi, na kusugua masufuria waliyoyaunguza watu wazima wenye digrii zao.

Shamila aliingia chumba namba nne mwezi wa Februari pamoja na mumewe, Majidi, aliyehamishwa kutoka Dar kuja kwenye ofisi moja ya hapo mjini. Walisema watakaa mwezi mmoja tu huku wakitafuta nyumba. Siku ya tatu Shamila alivua shuka, akamsubiri Swaumu mlangoni nalo mkononi.

"Bi Swaumu, hili limefuliwa au limeloweshwa tu?"

Weee! Swaumu alifua shuka lile mara ya pili akililaani, na aliyelileta akimlaani zaidi. Tangu siku hiyo hawakupatana. Mmoja alipitisha kidole juu ya friji kutafuta vumbi, mwingine alifagia akigonga ufagio kwenye miguu ya kitanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, makusudi kabisa. Majidi, mtu mpole, alikuwa akicheka peke yake.

Katikati ya Machi, Ijumaa asubuhi, Majidi alianguka bafuni akijiandaa kwenda kazini. Hakufika hospitali. Alizikwa hapo hapo Tabora, na shekhe akasema jambo ambalo kila Mwislamu wa mji ule analijua tangu utotoni: mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Nyumba ya Majidi ilikuwa ipi? Namba nne. Watu walitazamana kidogo, maana hakuna aliyewahi kuona eda ya apatimenti.

Adinani alisimama mbele ya jamaa wote, kofia safi, mkono kifuani. "Hapa ni kwake. Akae mpaka amalize, na Mungu ndiye shahidi." Wazee wakamwombea dua. Ofisi ya marehemu ikalipia miezi yote mitano, ndugu wa marehemu wakarudi Dar, na Shamila akabaki ndani na nguo nyeupe na tasbihi, haonani na mwanaume asiye maharimu wake. Aliyekuwa akiingia na kutoka ni Swaumu tu.

Je, walipatana sasa? Thubutu! Msiba ni msiba na chuki ni chuki. Swaumu alimletea maji, akamchemshia uji, akamnunulia sabuni isiyonukia kama inavyotakiwa, na vyote hivyo aliviweka mezani kwa kishindo.

Mwezi wa Juni kampuni ya kuchimba visima ilimjia Adinani. Walitaka vyumba vyote sita kwa mwaka mzima, kuanzia katikati ya Julai. Vyote au hapana. Wapangaji wa vyumba vitano walikuwa wa mwezi kwa mwezi, akawaaga kwa maneno mazuri. Kikabaki namba nne, na eda ilikuwa inaisha tarehe ishirini Julai.

Sasa angefanyaje? Alimwendea shekhe kuuliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia jirani. Shekhe akamwambia mjane akitolewa na mwenye nyumba anaruhusiwa kuhama, yeye hana dhambi; dhambi ni ya aliyemtoa. Hilo jibu Adinani hakulipenda hata kidogo. Alitaka mwanamke aondoke mwenyewe, kwa hiari yake, ili Ijumaa yeye aendelee kukaa safu ya mbele. Lakini chumbani hawezi kuingia. Wala hawezi kumtuma kuli. Mikono pekee iliyoweza kuvuka kile kizingiti ilikuwa ya Swaumu.

"Bi Swaumu, shikamoo."

"Marahaba."

"Televisheni ya namba nne ina shoti. Naomba uitoe, isije ikatuunguzia nyumba."

Shoti gani? Jana yake tu ilikuwa inasoma Kurani asubuhi nzima. Swaumu alijua, na Adinani alijua kwamba anajua. Aliitoa. Tena tuseme ukweli: aliitoa akiwa na raha. Alipita nayo mbele ya Shamila akiwa ameikumbatia, na moyoni alisema, haya, leo pitisha kidole tuone vumbi.

Kesho yake, shikamoo, na friji. Keshokutwa, shikamoo, na jiko na mtungi wake wa gesi. Adinani hakuacha kumwamkia hata siku moja. Kila kitu kiliingia stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni mwa Swaumu, umefungwa kwenye pindo la kanga.

"Na hiyo pasi?" Shamila aliuliza.

"Inakwenda kwa fundi."

"Vitu vyote vinaharibika wiki moja?"

"Muulize mwenye nyumba."

"Nimuulizie wapi, na mimi niko edani? Wewe ndiye unayevibeba, Bi Swaumu. Nakuuliza wewe."

Swaumu alibana midomo akatoka. Ana maneno huyu, alijisemea, mume amemfia na bado ana maneno.

Tarehe mosi Julai aliambiwa godoro lina kunguni. Hapo alisimama. Godoro lile alikuwa amelianika juani mwenyewe Alhamisi, akaligonga pande zote mbili, halina hata chawa wa kusingiziwa. Julai Tabora ina baridi kavu inayopasua visigino, na sakafu ya namba nne ni saruji tupu.

"Adinani, mwanangu, mtu atalala wapi?"

"Kitanda si kipo?" alisema kwa upole. "Na kama hawezi, kuna nyumba nyingi mjini. Mimi sijamfukuza. Umenisikia nikimfukuza?"

Swaumu angeweza kukataa. Alifikiria mshahara, alifikiria lile shuka la Februari, akaingia. Shamila alimtazama akivuta godoro kutoka kwenye chaga, likang'ang'ania kwenye mguu wa kitanda. Basi yule mwanamke aliinuka, akaweka tasbihi dirishani, akashika ncha ya pili na kulinyanyua ili litoke. Swaumu alitoka na godoro kichwani na raha yote imemwisha, na stoo alilitupa juu ya vile vingine kama aliyegombana nalo.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Shamila juu ya mkeka, anajaribu kuinuka kwa kushika ukuta. Nyonga ilikuwa imekamata. Asubuhi ya pili vilevile, na ya tatu akaanza kuchechemea kwenda bafuni. Swaumu alideki kandokando ya ule mkeka siku nane mfululizo. Ufunguo ulikuwa unamgonga ubavuni kila alipoinama. Mara mbili alifika mpaka mlango wa stoo, akarudi. Alimwogopa Adinani, na alikuwa bado na hasira na mwanamke ambaye hata kuomba hakutaka kumwomba.

Siku ya tisa alikuta geti liko wazi na fundi Octavian amepiga goti mbele ya namba nne, bisibisi mkononi. Bawaba ya juu ilikwisha kutoka. Ndani, Shamila alikuwa amebana kwenye kona, kanga ameishika mbele ya uso kwa mikono miwili.

"We Octavian! Unafanya nini?"

"Nimeambiwa bawaba zimelegea, mama. Nautoa mlango mpaka wiki ijayo."

"Humo mna mtu mwenye eda!"

"Eda ndiyo nini?" Octavian ni Mkatoliki wa Ipuli, hakuwa anajua, na wala hakuwa anatania.

Bawaba ya chini ikaachia. Mlango ukaegemea ukuta, na chumba chote kikawa nje: mkeka, sahani ya uji, mjane kwenye kona, na korido ambayo siku chache mbele ingejaa wanaume wa visima. Bila mlango hakuna eda. Kufikia adhuhuri Shamila angekuwa ameondoka kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna ambaye angesema alifukuzwa.

Hasira ilimpanda Swaumu, na safari hii haikuwa kwa Shamila. Alinyakua mkeka wa kusalia uliokuwa kwenye kamba, akautandika juu ya kizingiti, akakaa. Akakunja miguu. Mwili wake mkubwa uliziba mlango wote, upande mpaka upande, na kanga yake ya pili akaifunga juu ya fremu nyuma ya kichwa chake.

Adinani alitoka ofisini. "Bi Swaumu, shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako!" Alipaza sauti mpaka mtaa wa pili. "Gongoni mnisikie! Adinani ameng'oa mlango wa mwenye eda! Amechukua jiko, amechukua godoro, sasa mlango! Na mimi ndiye niliyembebea, nasema kwa kinywa changu!"

"Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi! Unataka kuingia? Pita. Nikanyage hapa kifuani, upite."

Wanawake walianza kuchungulia getini, mmoja na ndoo, mwingine na mtoto mgongoni. Octavian alikusanya vifaa vyake akaondoka upesi bila kudai chake. Adinani alitabasamu kwa ajili ya wale wa getini, kisha akainama na kusema huku ameuma meno, "Nipe ufunguo wa stoo. Na kesho usije."

"Nisijeje, na mimi siondoki?"

Alifungua pindo la kanga akamrushia ufunguo. Ulipomtoka mkononi ndipo alipokumbuka godoro. Adinani aliubeba mlango mwenyewe, akausukumia stoo, akafunga. Siku nane ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Swaumu, na sasa anautaka, haupo.

Godoro lililetwa jioni ile na wanawake wa Gongoni, la mtu, limechanika pembeni, pamoja na wali na maharage. Swaumu alikaa kizingitini siku kumi na moja. Alisali pale, alikula pale, na usiku alilala pale kwa ubavu, kichwa kwenye fremu moja na miguu kwenye nyingine. Watu wa visima walikuja na mizigo yao, wakamwona, wakauliza, wakajibiwa kwa sauti ya kutosha; wakageuza gari kwenda kutafuta kwingine. Adinani alisimulia mjini kwamba yeye hakujua lolote, kwamba yule mama alimchukia mpangaji tangu mwanzo na vitu alivitoa kwa chuki zake. Ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli, na Swaumu hakuweza kuikana.

Siku kumi na moja hizo wawili hao hawakuzungumza zaidi ya maji, chumvi na saa ngapi. Mmoja aliutazama ua, mwingine aliutazama mgongo wa mwenzake.

Tarehe ishirini Shamila alioga, akavaa gauni la kijani, akatoka juani akichechemea. Shemeji yake alikuwa amekuja na teksi, inaunguruma getini. Kama ilivyo desturi, aliwazungukia wanawake waliofika, mmoja mmoja, akiomba radhi na kutoa radhi. Nisamehe. Nimekusamehe, duniani na akhera. Wakakumbatiana, wakafutana machozi. Mwisho akafika kwa Swaumu, aliyekuwa bado anajinyoosha magoti.

"Nisamehe, mwanangu," Swaumu alitangulia kusema. Hakuwa amewahi kumwambia mtu neno hilo kwa urahisi namna ile. Alikwisha kunyoosha mikono.

Shamila hakuisogelea. "Kwa siku za mlangoni Mungu akulipe, Bi Swaumu, mimi siwezi kukulipa," alisema. "Kwa godoro, sijakusamehe. Nimejaribu tangu alfajiri na halitoki moyoni. Siwezi kukudanganya mbele za Mungu. Likitoka nitakupigia simu."

Wanawake waliguna. Mmoja akasema, "Jamani, na leo?" Swaumu alifungua kinywa, na maneno yalikuwepo, makali kama kawaida yake, mengi tu. Akayameza. "Haya," akasema. "Namba yangu andika." Akaitaja tarakimu moja moja, na Shamila akaiandika.

Siku hizi Swaumu anafua nguo za watu nyumbani kwake Kwihara. Simu huiweka juu ya jiwe karibu na beseni, hata kama maji yanarukia. Ikilia na namba ni ngeni, huacha shuka, akafuta mikono vizuri kwenye kanga, mbele na nyuma, ndipo akaipokea.