Harusi Iliyongoja Turbo

Nikikutana na harufu ya dizeli iliyochanganyika na pilau, naanza kucheka peke yangu mpaka watu wananipisha njia. Inanirudisha Mbugangari, mtaa wetu ulio jirani na mpaka wa Goma, siku ya ndoa ya shangazi Zaina, mdogo wake Baba, siku ambayo wageni mia tisa (haya, labda tisini) walikaa uani kwetu wakingoja injini ipoe.

Baba alikuwa na lori la kuvuta magari yaliyoharibika. Lilikuwa na nguvu, nawaambieni, lingeweza kuuvuta mlima Nyiragongo ukahamia Kigali. Nguvu hizo zilitoka kwenye turbo, feni inayoisukumia injini hewa, na Baba alitufundisha tabia ya turbo kabla ya kutufundisha kufunga kamba za viatu. Lori likitoka kuvuta mzigo, halizimwi hapo hapo. Linaachwa lingurume polepole ili oili iendelee kupita, iipoze turbo ambayo bado inazunguka na kuwaka moto. Ukizima ghafla, oili inaungua humo ndani ikawa makaa, na turbo inakufa. "Turbo ni mutu mwenye alikimbia," alikuwa akisema. "Umuache aheme kwanza."

Turbo yetu ya kwanza iliuawa na wema. Baba alishuka kunawa akaacha injini ikinguruma, jirani mmoja akaona dizeli inapotea bure, akaizima ili kumsaidia. Lori likalala uani miezi mingi, kuku wakaligeuza nyumba ya uzazi. Tangu hapo Baba hakuondoka tena kwenye usukani mpaka injini ipoe.

Sasa, asubuhi ya ndoa, lori la karoti la mama mmoja wa Cyanzarwe likazama matopeni. Baba ndiye aliyepaswa kumwozesha shangazi, maana babu alishafariki, lakini akaenda kulivuta. Alirudi alasiri, tope mpaka kwenye kope. Wakwe kutoka Goma walikuwa wamengoja hadi wali umepoa, na walitakiwa kuvuka na bibi harusi kabla mpaka haujafungwa.

Akaingiza lori uani. Hakushuka.

Mjomba wa bwana harusi, mwenye koti la kahawia na tumbo lililomtangulia hatua tatu, akasogea dirishani. "Papa Sauda, bon, zima iyo kitu, ushuke."

"Ingali inahema, muzee."

"Na sisi tunahema toka saa ine. Unaozesha dada ao unaozesha lori?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mimi Sauda mwenyewe, wa miaka minane, nilijificha nyuma ya sufuria kwa aibu. Muda ukapita, kwangu kama Ramadhani mbili zilizofuatana. Mwishowe mjomba akatazama saa, akawaambia watu wake wasimame waende zao, mpaka haungoji mtu. Wanawake wakaanza kukusanya vikapu.

Ndipo shangazi alipotoa kichwa kwenye dirisha la nyumba, hina bado mbichi mikononi. Hakupaza sauti. "Kama kaka hashuki, mumupelekee shehe kule."

Shehe alicheka mpaka kofia ikadondoka, kisha akakanyaga ngazi ya lori. Bwana harusi akapanda naye, kanzu nyeupe ikapata grisi, akampa Baba mkono kwenye mlango uliofunguliwa. Ndoa ikafungwa injini ikikoroma kama bibi aliyeshiba. Sauti ya Baba, ambayo siku nyingine ilifika mtaa wa Nengo bila simu, ilikuwa ndogo hata shehe akamwomba arudie. Akarudia. Bwana harusi akakubali. Baba akageuza ufunguo, na vigelegele vikapasua uwanja.

Kwa miaka mingi nilimsifu Baba kwa msimamo ule, mtu wa kuilinda kazi inayotulisha hata mbele ya wakwe. Niliisimulia kila mahali. Kisha, nikiwa mtu mzima nasoma ufundi shule ya usiku, mwalimu akatuambia dakika tano zinatosha kuipoza turbo. Tano! Baba alikaa mle karibu nusu saa.

Nikavuka Goma kumuuliza shangazi. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuacha. Akaniambia injini ilikuwa imepoa zamani, mlio wake aliujua vizuri sana. Akanikumbusha kwamba Baba ndiye aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto.

"Angeshuka, ingebidi anitoe kwa bwana," akasema. "Nikamuona anapanguza macho na kitambaa ya oili. Nikasema, uyu tukimungoja, nitazeekea hapa."