Safu Niliyoiondolea Tiki

Kwetu Magamba masale, ile mimea ya majani marefu, hupandwa kwa sababu mbili: kuonyesha mpaka wa shamba, na kuonyesha kaburi. Mgeni akiyaona hawezi kujua yapi ni ya nini. Ni lazima aambiwe. Mimi nilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo sina kisingizio.

Miaka ile ya soko huria miradi ilimiminika Lushoto, nami nikaajiriwa kwenye mmoja uliokuwa ukitengeneza ramani ya kompyuta ya mashamba yaliyopakana na msitu. Kila shina la masale tuliliwekea nukta, na kila nukta ilikuwa na safu zake: namba, kijiji, aina, maelezo. Kwenye aina, masale yote tuliyaandika "mpaka", maana fomu haikuwa na neno lingine. Palipokuwa na kaburi, nilieleza kwenye safu ya maelezo.

Mzee mmoja alinionyesha mashina kumi na moja ukingoni mwa shamba lake la viazi. Mbele ya shina moja akasimama, akavua kofia.

"Hapa amelala mke wangu," akasema. "Andika, mwanangu. Binti yetu yuko kwa shangazi yake Korogwe tangu akiwa mchanga. Siku akirudi nami sipo, nani atamwonyesha?"

Nikaandika, tena kwa kirefu, na maneno yake ya Kishambaa nikayaweka kama alivyoyatamka. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Baada ya miaka kadhaa mradi ukabadilisha mfumo, nikapewa kazi ya kuihamisha ramani. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unafungua orodha ya safu, unaweka tiki kwenye zile unazotaka zihamie, unabonyeza. Namba zikaenda, vijiji vikaenda, maelezo yakagoma. Mfumo mpya haukutaka maandishi marefu, na yangu yalikuwa marefu. Nilihangaika nayo asubuhi nzima, umeme ukakatika mara mbili, bosi akachungulia mlangoni kuuliza kama bado. Hasira zikanipanda, nikaiondoa ile tiki. Nukta zote zikapita kwa dakika chache na ramani ikapendeza. Wiki iliyofuata mfumo wa zamani ukazimwa, diski zake zikafutwa zitumike kwingine, nami sikuwa na habari.

Yule mzee alikuwa ameshafariki binti yake alipokuja ofisini, mama wa makamo, kitenge chake kimelowa ukungu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kiti. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kuchimba mtaro wa bomba la maji kwenye mpaka, ili usile shamba la mtu. Masale yangeng'olewa.

"Baba aliniambia kwa simu kuna kijana wa ramani aliandika," akasema. "Mama sikuwahi kumwona hata sura. Nataka asiguswe, basi. Yuko wapi?"

Nikafungua ramani. Nukta kumi na moja, na kila niliyoibonyeza ilisema mpaka. Mpaka, mpaka, mpaka. Majirani waliojua walikuwa wamekufa au wamehamia Shume. Nilijaribu kumkumbuka yule mzee na kofia yake mkononi. Yeye nilimwona vizuri kabisa, lakini shina alilolisimamia sikuliona. Yule mama alikuwa akinitazama mimi, wala si kompyuta. Niliona aibu, na aibu ikanifanya mwongo.

"La tano kutoka juu," nikasema.

Mtaro ulipochimbwa nilikwenda. Wachimbaji walilizunguka shina la tano kwa adabu, mengine wakayang'oa. Kwenye la nane jembe lilizama kirahisi kuliko kwingine. Mchimbaji akasimama, akaniangalia.

"Udongo wa hapa laini, kaka. Vipi?"

"Fuko hao," nikamjibu. "Endelea."

Akaendelea. Inawezekana kweli walikuwa fuko. Sikuinama kutazama, na tangu siku hiyo nimeinama pale mara nyingi nikiwa kitandani, macho wazi, nikichambua ule udongo kwa vidole.

Yule mama alirudi kuishi kwenye shamba la baba yake. Kila Shaabani hupalilia kuzunguka lile shina, humwombea mama yake, na mara moja aliniambia kwamba akikaa pale roho yake hutulia. Nilitaka kumwambia, nikauliza habari za viazi.

Mwezi uliopita alinipigia simu, sauti imedhoofika. Amewausia wanawe wamzike pale, ubavuni kwa mama yake. Akaniomba siku hiyo nifike mimi mwenyewe, niwaonyeshe mahali, kwa kuwa ndimi niliyeandika.

Nikamwambia nitafika.