Watoto Sita kwenye Podikasti

Mimi sina subira, na mabaya mengi yaliyonipata maishani nimeyapata kwa haraka zangu. Ndivyo nilivyotuma podikasti ya mama kwenye kundi la ukoo kabla sijaisikiliza hadi mwisho.

Nilikuwa nimeandika kurasa chache za maisha yake: alivyotoka Mahenge akiwa bibi arusi, alivyoanza kulima mpunga Michenga, misimu aliyolala na watoto kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti shambani, ili alfajiri aamie ndege wasile mpunga. Nikaziingiza kwenye programu ya akili mnemba. Chai yangu haijapoa, mwanamume na mwanamke ambao hawakuwahi kuzaliwa walikuwa wanamzungumzia mama yangu kwa Kiswahili safi, wakichekeana kama majirani. Nilifurahi kupita kiasi. Nikatuma.

Pongezi zikamiminika kutoka Mlimba na Malinyi. Shangazi alisema amelia. Ndipo nikakaa kusikiliza sehemu ya mwisho, na yule mwanamke akasema kwa uchangamfu: "Na watoto wake wote sita walikua, wakasoma, na leo ndio wanaomtunza."

Sisi tumebaki watano. Wa tatu alikufa kwa homa kule kule kwenye dungu, maji yakiwa yamefunga njia ya kwenda hospitali. Mama alinisimulia mara moja tu. Katika maandishi yangu nilimpa mstari mmoja, tena wa kuzungukazunguka, kwa sababu niliogopa kuandika neno lenyewe. Mashine ikamaliza habari ilivyopenda.

Nikafuta ujumbe, lakini dada yangu anayeishi na mama alikuwa ameshaipakua. Nikampigia, hapatikani. Nikavaa viatu, nikavivua. Nikarekebisha maandishi, nikatengeneza podikasti nyingine yenye ukweli, nikavaa viatu tena, nikatafuta bodaboda. Tangu tunatoka Ifakara nilikuwa namhimiza dereva, mpaka akachoka nami.

"Matope yote haya, unataka tufike au tuanguke?"

Nilimkuta mama uani anapepeta mchele. Simu ya dada ilikuwa juu ya gunia la mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa?"

Nikamwuliza kama ameisikia podikasti. Akasema ameisikiliza tangu asubuhi.

"Mama, nisamehe. Wale si watu, ni mashine. Imekosea pale mwisho. Nimesharekebisha, hii hapa, sikiliza."

"Najua imekosea. Si mimi niliyezaa?"

Akapepeta mara mbili tatu, akaondoa chuya moja kwa kidole. Kisha akaweka ungo chini.

"Hiyo yako iache kwanza. Nirudishie hii, pale mwisho. Dada yako ametoka, na mimi simu hizi sizijui."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimekuja mbio zote zile kumwondolea uongo, na ukweli ulikuwa mkononi mwangu. Lakini nikachukua simu ya dada, nikarudisha. Yule mwanamke akasema watoto wote sita walikua. Mama alikuwa anatazama upande wa mashambani.

"Angekuwa na watoto wake sasa," akasema. "Rudisha tena."