Kipokezi Kiziwi cha Lumino

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Kituo cha afya cha Lumino kilipokaa kimya nilimkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa, ambaye ni mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Boti inayoleta wagonjwa kutoka visiwani ina redio, maana huko simu inashika ikipenda yenyewe. Boti ikiondoka, nahodha hutangaza, na nesi akisikia hupeleka pikipiki yenye tela ufukweni. Redio ya nesi ilipokufa, wafadhili walituletea vipokezi vya kuchomeka kwenye kompyuta, vya kusikia tu, si kujibu. Vilikuwa vitatu kwa vituo vitatu, na kila kimoja na lugha yake. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kukaa katikati kama mkalimani, ili nesi wa kituo cha Paya na wa Lumino wabonyeze kitufe kilekile, na mkalimani akiambie kila kipokezi cha kufanya.

Na dada yangu, aliyeolewa kisiwani, alikuwa na mimba ya mapacha. Daktari alimkataza kujifungulia nyumbani. Angekuja na boti ya Alhamisi, na asiposikika angefika ufukweni hakuna mtu.

Jumatano nikafunga kile cha Lumino, cha bei rahisi. Antena nzima, masafa sahihi, lakini tulisikia mvumo mtupu. Na kile cha Paya, kilichokuwa bado mezani kwangu Busia, kwa programu hiyohiyo, kilikuwa kinasikia vizuri kabisa.

"Dada, hii mashine ilizaliwa kiziwi?" nesi akanitania.

Nilimjibu vibaya. Usiku sikulala, nilimwaza dada yangu tu.

Asubuhi ya Alhamisi nikapitia sokoni Busia kwa shangazi yangu, muuza mahindi, ninywe chai kabla ya kurudi Lumino. Mteja mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Kenya, akaja, akasema nipe mbili. Shangazi hakugusa hata punje.

"Mbili ya gorogoro ama mbili ya kilo?"

Ng'ambo wanapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili hivi, sisi kwa kilo. Hapa mpakani anayeuza namba bila kuuliza kipimo atagombana na watu hadi jioni.

Nikaweka kikombe chini. Mkalimani wangu alikuwa anaviambia vipokezi vyote neno moja: ongeza usikivu hadi arobaini. Arobaini ya nini, sikuwahi kusema. Kile cha mezani kwangu kinahesabu desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi, nzimanzima. Cha Lumino kinahesabu kwa sehemu ya kumi ya desibeli, kwa hiyo arobaini yangu kwake ilikuwa nne. Maskini kilinitii, nami nikakiita kiziwi. Kuuliza si ujinga, na mimi niliyezaliwa katika soko hili sikuuliza.

"Shangazi, wewe ni injinia," nikamwambia.

"Mimi nauza mahindi. Maliza chai, inapoa."

Sikumaliza. Nilifika Lumino kwa boda, nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: kwa kipokezi hiki, zidisha kwa kumi. Nikamwomba nesi msamaha wa jana, akaguna tu. Kisha nahodha akaingia hewani, sauti safi, anasema wako njiani. Nyuma yake nikamsikia dada.

"Kama mko huko mnasikia, mimi nakuja. Uchungu imeanza. Mtu atakuwa hapo kweli?"

Nesi alikuwa ameshatoka mbio kumwita dereva wa pikipiki. Mimi nilibaki nimeshika meza, nalia na kucheka pamoja, na sina namna ya kumwambia tunakusikia.

Boti ilipogusa ufuko, tela lilikuwa tayari, nesi amevaa glavu, nami nimesimama majini hadi magotini. Dada akanitazama, jasho linamtiririka.

"Kumbe mlisikia," akasema, akanipa mkono nimshushe.