Mbegu ya Kwanza ya Wimbi

Nilishuka kwenye lori Malaba nikiwa sina pa kwenda, na baada ya vibarua vya hapa na pale nikafika Mundika, kwa mama mzee ambaye kila mtu alimwita kukhu, yaani bibi. Nami nikamwita hivyo. Alikuwa mjane wa ukoo wa mwami; babu wa mumewe aliwahi kutawala eneo lote lile. Utawala ulishakwisha. Ilibaki nyumba ya mabati yenye veranda pana, makaburi ya saruji, na yeye. Nilimchotea maji na kumpasulia kuni, naye akanipa chumba.

Mwezi wa tatu mvua ikaanza. Kukhu alikuwa amevimba mguu, hatoki kitandani, na shamba lake la wimbi, ingawa lilikuwa limelimwa, likakaa tupu, maana mbegu ya kwanza ilikuwa lazima airushe mwenyewe.

"Zamani hakuna aliyepanda wimbi kabla ya nyumba hii," aliniambia. "Siku hizi kila mtu na lake. Wameshapanda hao, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia."

Alipompigia simu mwanawe wa Nairobi kulalamika, alimjibu kwamba mambo hayo yaliisha. Kukhu alikata simu akageukia ukuta.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini maswali sikuyaacha. Nikatoka kwenda kuona. Shamba la jirani wa kwanza, udongo mtupu. La pili, vivyo hivyo. Nilienda mpaka barabarani bila kuona aliyepanda wimbi, na magugu yalishaanza kuchipua. Nikamkuta mama mmoja jirani anapepeta mbegu.

"Dada, mbona hupandi? Mvua itakupita."

"Wewe mtu wa Malaba na maswali yako! Kwani kwa kukhu mmepanda?"

"Bado."

"Basi."

"Si mngemwambia?"

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Nimharakishe mgonjwa? Nimtoe kitandani kwake? Mimi siwezi. Mwambie wewe, huna haya."

Nikamwambia. Kukhu akawaka. "Wajinga hawa! Watoto wao watakula nini?" Akaitisha leso yake.

Nilimbeba pamoja na kiti cha plastiki mpaka shambani. Alirusha konzi ya kwanza ya mbegu ameketi, nusu ikamwangukia mapajani. Nikamsogeza hatua tatu, akarusha tena. Ng'ambo ya ua yule jirani alikuwa amesimama, anajifanya anatafuta kuku.

"Wewe! Kuku gani huyo?" kukhu akapaza sauti. "Nenda ukapande!"

"Asante, kukhu!" Akaondoka mbio.

Kabla ya saa sita majembe yalikuwa yanasikika pande zote. Nikainama nimbebe kumrudisha ndani. Akanisukuma mkono.

"Niache hapa nisikilize," alisema. "Na wewe unyamaze kidogo."