Dolce Mlangoni kwa Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Temeke, Mkuu wa Bendi alinikabidhi tarumbeta na karatasi ya nota. Juu ya mstari wa pili paliandikwa dolce. Nikauliza ni kitu gani.

"Linasomwa dolche. Kitaliano hicho, maana yake kwa utamu. Mjerumani analiandika hivyohivyo, Mwingereza hivyohivyo. Na wewe Mzaramo utalipiga hivyohivyo."

Nikapuliza. Akanipeleka nyumbani kwake, mwanawe mchanga amelala. "Piga hapa mlangoni. Akiamka, unaanza upya."

Mtoto aliamka mara nne. Mke wa Mkuu akanitazama kama mwizi wa kuku! Wiki mbili nilishinda mlangoni pale, mpaka nikaelewa kwamba utamu si kupuliza kidogo. Ni kubana midomo, pumzi itoke taratibu, sauti ijae bila makelele.

Neno hilo nimelitumikia Temeke, kisha Pugu, mpaka nikastaafu na kuhamia Kipawa. Sasa meno ya mbele yamekwisha, na tarumbeta haipigwi kwa ufizi. Nisipomfundisha mtu, nitazikwa nalo.

Ndiyo maana niliwaandikia nota vijana wa matarumbeta, hawa wanaopiga harusini juu ya pikapu. Dolce nikaipigia mstari. Jumamosi wakapita mtaani kwetu na bibi harusi: paa! paa! paa! Mabati yakatetemeka. Jamani, wimbo wa kumuaga binti, mama yake analia, nyie mnapuliza kama mnafukuza nyani shambani?

Nikamwita kiongozi wao, Selemani, mtu mzima na ndevu zake. Akaja na tarumbeta kwapani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Neno nililoandika hukuliona?"

"Niliona, mzee wangu. Nikalifuta. Lilikuwa linawachanganya wenzangu, na watu siku hizi wanataka mzuka."

"Ukalifuta! Mataifa yote yameliacha palepale, wewe wa Kipawa ndiyo ukalifuta! Mzuka! Debe tupu haliachi kuvuma!"

Nikataka kumfukuza. Lakini ndani kitukuu changu wa miezi mitatu alikuwa amelala. Nikamwonyesha Selemani mlango.

"Piga hapo."

Akapuliza. Mtoto akaangua kilio, mjukuu wangu akatoka amembeba, ametukazia macho. Selemani akaanza kurudi nyuma.

"Samahani babu, ngoja mie niende."

"Uende wapi? Kaa hapo. Mama yake anambembeleza. Akilala, unaanza upya."