Ufunguo wa Cherehani ya Baba

Siku ya kugawa mirathi ya baba, nyumbani kwetu Mzenga, walikuwepo hawa: baba mdogo, nduguye baba, ambaye ndiye aliyeachiwa wasia ausimamie, shangazi, yaani dada yao mkubwa, kaka yangu wa tumbo moja, mdogo wangu wa kike aliyezaliwa na mke wa pili wa baba, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeitwa kuja kugawa, na mimi, niliyetoka kijiji cha Marui kwa mume wangu, na mtoto mgongoni. Mama zetu wawili walikuwa ndani wamekaa eda. Majina yao ninayo yote, hata la mwenye baiskeli aliyempakia mwalimu, lakini siyaandiki, maana na wajukuu zao tunakutana misibani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa cherehani. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya Wazungu vimekwisha, nguo zimeanza kupatikana tena madukani Kisarawe. Baba alikuwa fundi, akishona kanzu na vizibao pale barazani kwake. Cherehani yake ya mkono ilikuwa na kifuniko cha mbao kilichopinda kama mgongo wa kobe, kinafungwa kwa ufunguo mdogo. Mimi nilikuwa mtoto wa jembe na ndoo. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa barazani, baba anamshika mkono anamwonyesha kupinda upindo. Hata gauni langu la harusi alilishona huyo mdogo wangu. Watu wakasifu gauni, aliyelivaa hawakumsema. Nilimwonea wivu, niseme nini kingine? Nilikuwa nikisikia mlio wa ile cherehani nikiwa kisimani, moyo unaniwaka.

Baba alipougua kifua nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameketi barazani, baba mdogo yuko pembeni yake, shangazi anapepeta mchele, mimi namenya mihogo. Baba akamwita mdogo wangu, akamtia ufunguo kiganjani. "Cherehani hii sasa ni yako, mwanangu. Shonea hapa hapa nikuone, lakini ufunguo ukae kwako." Kisha akanigeukia. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba," nikasema.

Haukupita mwezi akafariki.

Sasa siku hiyo ya mirathi kaka akaanza: "Cherehani ilikuwa barazani kwa baba mpaka anakata roho. Ni mali ya marehemu, igawiwe. Na wasia haumpi mrithi zaidi ya fungu lake, au siyo mwalimu?"

"Nani kakwambia ni wasia?" baba mdogo akamjia juu. "Alimpa akiwa hai, nami nimeketi hapo!"

Mwalimu akawatuliza. Akasema ikiwa alimpa na kumkabidhi angali hai, hiyo si mirathi, hatuigusi. Lakini kwa kuwa kuna ubishi anataka mashahidi, mwanamume mmoja na wanawake wawili.

"Mimi niliona," shangazi akasema. "Macho mabovu haya, lakini ufunguo niliuona." Watu wakacheka.

Basi nikabaki mimi.

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu?"

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ametulia, hana hata wasiwasi, kama mtu ambaye neno langu ameshalipata. Utulivu ule ndio ulionichoma.

"Sikumbuki, mwalimu."

"Hukumbuki?" baba mdogo akaruka. "Wewe unayekumbuka mbuzi wa nani alizaa lini?"

Mwalimu akaniuliza mara ya pili. Nikasema, "Sikumbuki."

Mdogo wangu hakulia. Akauchomoa ufunguo kutoka shingoni, chini ya kanga, akauweka mkekani mbele yangu. "Shika, dada. Labda ukikaa kwako utakukumbusha."

Cherehani ikaingia kwenye mirathi. Walipopanga mafungu, kaka akachagua minazi, na cherehani ikaangukia kwangu, mimi nisiyejua hata kutia uzi kwenye sindano. Ikakaa Marui, mume wangu anatundika kofia juu yake. Mdogo wangu, ameshaolewa upande wa Mlandizi, akawa anashona kwa mkono kanzu za watu. Nilipoambiwa hivyo sikupata raha. Nikamtuma mume wangu ampelekee. Mdogo wangu akairudisha ilivyo, na maneno juu yake: "Kamwambie dada, mimi nilihitaji shahidi, sikuhitaji cherehani."

Alitaka nirudi mbele ya mwalimu niseme. Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Nikasema baada ya Ramadhani. Mwalimu akafa, baba mdogo akafa, shangazi akafa. Mwisho mdogo wangu naye, na mazishini kwake nilikaa nyuma kabisa kama mgeni.

Kusoma kwangu ni chuo na ngumbaru tu, lakini hili naliandika kwa mkono wangu: baba alimkabidhi mdogo wangu ufunguo angali hai, na mimi niliona. Watoto wake waje wachukue cherehani yao. Ufunguo upo, nimeufunga pembeni mwa kanga.

Na aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na wazee wake, akiona nimekosea anisahihishe. Labda shangazi hakuwa anapepeta mchele, alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Labda mwalimu aliniuliza mara moja tu, nami nikakana mara moja tu, si mara mbili. Hilo la mwisho, nikisahihishwa, nitashukuru sana.